Tuandike neno gani kwenye kaburi la rubani wa helikopta wa vita vya kaskazini?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya kibao cha saruji. Kaburi la baba yangu mdogo liko kijijini kwetu, upande wa Arua, na kibao chake cha kwanza, kilichoandikwa kwa haraka katika juma la mazishi, kimepasuka katikati na herufi zake zimeliwa na mvua kiasi kwamba mgeni akipita hawezi kujua aliyelala pale ni nani. Familia imekubaliana kuweka kibao kipya kabla ya Tarehe Sita ijayo, yaani siku ya jeshi, na mama mdogo, yaani mjane wake, amenikabidhi mimi kazi ya kuandaa maneno.

Marehemu alikuwa rubani wa helikopta katika jeshi letu. Huenda wasomaji wa nje ya Uganda wakajiuliza kwa nini kaburi la mtu wa Arua liandikwe Kiswahili. Yeye alikuwa Mlugbara, mke wake ni Mteso wa Soroti, na watoto wao walikulia katika nyumba za jeshi, mahali ambapo mtoto wa Mwacholi, wa Mnyankole na wa Muganda hugombania mpira mmoja kwa Kiswahili kabla hata hawajajua kwamba wanatoka makabila tofauti. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi yake na ya meza yake ya chakula. Hata siku ya jeshi tunaiita Tarehe Sita, kwa kukumbuka shambulio la Kabamba la Februari 6, 1981, na sijawahi kumsikia mtu akiitafsiri.

Alirusha Mi-17, ile helikopta kubwa ya Kirusi ya kubebea watu na mizigo, akiwa na kituo chake Gulu wakati wa vita dhidi ya waasi wa LRA. Siku ya mwisho aliondoka asubuhi pamoja na rubani msaidizi na fundi wa ndege, wakipeleka mahitaji kwa kikosi kilichokuwa porini, na helikopta ikaanguka kabla ya kufika. Wote watatu walikufa. Mimi nilikuwa darasa la sita. Kuna mti uani kwa babu ambao mbegu zake zina ubawa mmoja, na kila alipokuja likizo baba mdogo alikuwa akituokotea mbegu hizo, anazirusha juu, nasi tunazitazama zikishuka zikizunguka polepole. Alikuwa akisema, "Mnaiona? Haina injini, lakini inatua." Tulicheka bila kujua anazungumzia nini.

Sasa shida yenyewe. Karatasi ambayo familia ilipewa na ofisi moja, baada ya kuzungushwa kwa muda mrefu, inasema kwamba alifariki katika ajali ya ndege akiwa kazini. Wazee wa ukoo wanataka tuandike "aliuawa vitani". Mtoto wake mkubwa anakataa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwathibitishia kwamba helikopta ile ilipigwa risasi, na anasema hataki baba yake awekewe juu ya kaburi neno ambalo mtu anaweza kulipinga. Mama mdogo amekaa kimya, na katika familia yetu kimya chake kina uzito kuliko maneno ya wengine.

Nilipoanza kutafuta jinsi marubani wengine wa helikopta wa nchi hii walivyokumbukwa, nilikuta jambo ambalo limeninyima usingizi. Desemba 2, 1983, katika vita vya Luweero, helikopta ilianguka na kumuua Meja Jenerali David Oyite-Ojok, Mnadhimu Mkuu wa UNLA, jeshi la serikali ya wakati ule. Kila mtu wa umri wangu amesikia habari za kifo kile, na ubishi kuhusu chanzo chake haujaisha hadi leo katika vijiwe vya Lira na vya Kampala. Nimewauliza wazee sita ni nani alikuwa akiirusha helikopta ile. Hakuna aliyeweza kunijibu, na mmoja wao alionekana kushangaa kwamba swali hilo lipo.

Kisha Julai 30, 2005, helikopta ya rais wetu, aina ya Mi-172, iligonga milima ya kusini mwa Sudan ikimrudisha John Garang kutoka Uganda, majuma matatu tu baada ya yeye kuapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan. Alikufa yeye, wenzake 6, na raia 7 wa Uganda waliokuwa wafanyakazi wa ndege. Rubani alikuwa Kanali Peter Nyakairu. Jina lake, angalau, limebaki kwenye kumbukumbu za umma, lakini ukitazama limebaki vipi utaona kwamba hutajwa zaidi pale watu wanapojadili kosa lilikuwa la nani. Uchunguzi uliofanywa ulitaja hali mbaya ya hewa, giza na uamuzi wa rubani. Kwa hiyo rubani ama anapotea chini ya jina la abiria wake, ama anabaki kama jibu la swali la lawama. Sitaki la kwanza wala la pili limpate baba mdogo, ambaye hakubeba mkubwa yeyote. Alibeba magunia ya unga na risasi.

Naomba mawazo yenu, hasa ya waliotumikia jeshi na ya walimu wa lugha.

Mtazamaji

Ndugu, pole kwa msiba, hata kama ni wa miaka mingi. Nitasema kwa heshima jambo ambalo huenda lisikupendeze. Ajali ni ajali. Aliyepigwa risasi akiwa kwenye handaki na aliyekufa kwa sababu injini ilizimika hawakufa kifo kimoja, na kuna familia hapa nchini ambazo watoto wao walirudi wakiwa na matundu mwilini. Tukianza kuandika "aliuawa vitani" kwa kila aliyevaa magwanda, neno lenyewe litapungua thamani.

Pia nadhani umechanganya mambo. Garang alikufa baada ya vita vya kusini mwa Sudan kwisha. Mkataba wa amani ulisainiwa Nairobi Januari 9 ya mwaka huohuo wa 2005. Kanali Nyakairu alikuwa katika safari ya kiongozi, si katika mapigano. Ushauri wangu ni kwamba mfuate karatasi: "Alifariki akiwa kazini." Hakuna atakayelipinga hilo.

Mwanzisha uzi

Ahsante, ndugu Mtazamaji. Kuhusu Garang umenisahihisha kwa haki. Nilimleta kwa ajili ya jina la rubani na sikusudii kusema kwamba safari ile ilikuwa ya mapigano. Ila "alifariki akiwa kazini" ndiyo maneno yaleyale tuliyomwandikia babu yetu mmoja aliyeanguka kwenye ngazi za ofisi ya kata. Naona kuna kitu kinakosekana hapo.

Fundi Mstaafu

Mwanangu, nimesoma maneno yako mara mbili kabla ya kuandika. Nilifanya kazi ya kutengeneza helikopta kwa miaka mingi, na huyo Mtazamaji namheshimu, lakini anazungumza kama mtu anayedhani helikopta huanguka kwa sababu moja tu.

Nianze na ile mbegu, kwa sababu baba yako mdogo aliwafundisha somo la kwanza la kazi yake na nyinyi mkadhani ni mchezo. Helikopta haianguki kama jiwe injini inapozimika. Rubani hushusha haraka ule mkono ulioko upande wake wa kushoto, ambao hubadilisha ulalo wa mapanga yote kwa pamoja, na kuanzia hapo upepo unaopanda kutoka chini ndio unaoyazungusha mapanga wakati ndege inashuka, kama ubawa wa mbegu unavyozungushwa. Akikaribia ardhi anauinua mkono ule, anatumia nguvu iliyobaki katika mzunguko wa mapanga kupunguza kasi, na anatua. Akikosea mara moja hapati nafasi ya kujaribu tena, lakini inawezekana, na marubani wote hufundishwa.

Inahitaji nini? Inahitaji kimo na inahitaji sekunde. Unapokuwa juu una muda wa kushusha mkono, kutafuta uwanja na kugeukia upepo. Unapokuwa umepita juu ya miti kwa kimo cha nyumba chache, injini ikikohoa, umeshafika chini kabla hujamaliza kuwaza. Sasa jiulizeni kwa nini rubani wa Mi-17 aliyetoka Gulu apite chini namna hiyo. Anapita chini ili aliye porini na bunduki amsikie akiwa ameshampita, asipate muda wa kulenga. Wakati wa amani rubani yuleyule, na mzigo uleule, angepanda juu na kwenda zake kwa utulivu. Hivyo hata kama hakuna risasi iliyoigusa ndege ile, vita ndivyo vilivyompangia kimo cha kuruka, na ni kimo hicho kilichomnyima ile mbegu yake.

Ongeza mzigo. Mi-17 inaweza kubeba hadi tani 4, lakini hesabu hiyo ni ya hewa nzito na ya baridi. Gulu kwenyewe ardhi iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na saa sita mchana wa Januari hewa inakuwa moto na nyepesi, mapanga yanakosa kitu cha kushika. Kikosi kinangoja chakula na kuna majeruhi wa kurudishwa. Nani atasema tupunguze magunia? Tulikuwa tukisema kambini kwamba kitabu cha ndege kiliandikwa na mtu asiye na njaa.

Na hali ya ndege zenyewe? Nchi nzima inakumbuka zile Mi-24, helikopta za mashambulizi, zilizonunuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 zikafika zikiwa hazifai kuruka, hata ikaundwa tume ya Jaji Julia Sebutinde kuchunguza ununuzi ule. Sisemi kwamba ndege ya baba yako mdogo ilikuwa mbovu. Sikuwapo kwenye ukaguzi wake na siwezi kusema. Nasema rubani wa vita huruka na kilichopo.

Mtazamaji anataka risasi kama ushahidi. Mimi nasema rubani wa vita hushambuliwa na vitu vingi, na risasi ni kimojawapo.

Mkazi wa Entebbe

Shikamoo mzee Fundi. Naomba niongeze la mwaka 2012, kwa sababu ndilo lililonijia niliposoma swali la risasi.

Agosti 12, 2012 ilikuwa Jumapili. Wote tunaikumbuka kwa sababu ya Stephen Kiprotich, aliyeshinda mbio za marathoni za Olimpiki kule London, dhahabu yetu ya kwanza tangu ile ya John Akii-Bua ya mwaka 1972. Mtaani kwetu watu walitoka nje na masufuria wakiyapiga. Siku hiyohiyo helikopta zetu za kijeshi zilikuwa zikivuka Kenya kwenda Somalia kulisaidia jeshi la Umoja wa Afrika dhidi ya al-Shabaab. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeruhusu mwezi Februari mwaka ule kwamba jeshi hilo liwe na helikopta za mashambulizi zisizozidi 3. Mi-24 tatu zilianguka zote Mlima Kenya. Moja ilipatikana na watu wake wakiwa hai, mbili zikakutwa zimeteketea. Mi-17 iliyokuwa nazo ndiyo iliyofika Garissa salama.

Nakumbuka aibu ya Jumanne ile. Jumapili tulikuwa tukiimba, na habari zilipokuja kwa uzito wake hatukujua tufanye nini na shangwe iliyokuwa bado mdomoni. Mwanariadha alipokelewa na taifa zima, kama alivyostahili. Wale wa mlimani nao walikuwa wamevaa bendera ileile begani.

Hapakuwa na al-Shabaab Mlima Kenya. Hapakuwa na risasi hata moja. Je, ndugu Mtazamaji, familia zile nazo ziandike "ajali" peke yake?

Mtazamaji

Dada yangu, swali lako ni zito na sitalikimbia. Nitakubali kwamba walikuwa njiani kwenda vitani. Lakini mlima ni mlima, uko pale kwenye ramani na kimo chake ni mita 5,199. Nikisema waliuawa, aliyewaua ni nani?

Fundi Mstaafu

Hapo, Mtazamaji, umegusa penye maumivu. Mi-24 ni ndege nzito yenye silaha na bamba za chuma, na imeumbwa kwenda kwa kasi. Inapata sehemu ya nguvu yake ya kubaki angani kutoka kwenye vile vibawa vya ubavuni inapokimbia. Ikiwa imejaa, na hewa ni ya moto au ya mwinuko, mara nyingi inabidi ikimbie kwenye njia ya kurukia kama ndege ya kawaida ili ipae. Kilele cha mlima ule kiko juu ya kimo inachoweza kufika, ambacho ni kama mita 4,500 hadi 4,900. Ukiwa kwenye bonde la milima na wingu likakufunika, huwezi kusimama hewani ukangoja lipite. Hayo yote ni kweli na hakuna adui ndani yake. Lakini helikopta tatu za mashambulizi hazitoki nyumbani kwenda kutalii.

Nyumbani husema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Rubani wa kijeshi hupandishwa farasi hao wawili kila siku: sheria za anga upande mmoja, amri upande wa pili. Julai 2, 2025, Mi-24 yetu iliyotoka kituo cha Balidogle, Somalia, ilianguka uwanja wa ndege wa Aden Adde, Mogadishu, ikiwa na watu 8, wakafa 5. Nilikaa na redio usiku kucha, mzee mzima, nikihesabu vijana niliowafundisha.

Mwalimu wa Jinja

Naomba kuingia kwa upande wa lugha, ambao ndio mwanzisha uzi alituomba, ila nitaanza na makaburi.

Hapa Jinja tuna makaburi ya vita yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Huwapeleka wanafunzi wangu pale. Utaratibu wa tume ile kwa Vita vya Pili vya Dunia ni kwamba askari aliyekufa akiwa katika utumishi kati ya Septemba 3, 1939 na Desemba 31, 1947 anahesabiwa kuwa mfu wa vita, awe alikufa kwa risasi, kwa malaria au kwa gari kupinduka. Mawe hayasemi mtu alikufaje. Ndugu Mtazamaji anahofia kwamba neno litapungua thamani. Kwa miaka mingi sasa mawe yale yamesimama bila kupungua thamani, na aliyekufa kwa homa amelala kando ya mwenzake aliyepigwa risasi.

Lakini nisiwasifu kupita kiasi. Tume hiyohiyo ilikiri katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba, baada ya Vita vya Kwanza, wafu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Humo wamo wapagazi na askari wa Afrika Mashariki, wakiwemo wa kwetu. Ofisa Mwingereza alipata jiwe lenye jina. Mpagazi akapata, akibahatika, kutajwa kwa ujumla. Ndiyo maana nakubaliana na mwanzisha uzi kwamba jambo la kwanza ni jina, hata kabla ya kubishania kitenzi.

Sasa kitenzi. Mnabishana kati ya "aliuawa" na "alifariki", na vyote viwili havifai. "Aliuawa" kinadai muuaji, na Mtazamaji ana haki ya kuuliza ni nani. "Alifariki" ni neno la heshima lakini halina mahali. Mtu anaweza kufariki kitandani, hospitalini, popote. Kiswahili kina njia ya tatu ambayo wazee waliitumia bila hata kufikiri. Kufa, ukikitia kiambishi cha kutendea, kinakuwa kufia. Mtu hufia ugenini, hufia baharini, hufia kazini. Anayefia mahali hatulazimiki kumtaja aliyemuua, ila tumesema kifo chake kilikuwa cha mahali pale na cha jambo lile. Tena kitenzi hichohicho kinabeba maana ya kufa kwa ajili ya kitu, kama tunaposema kwamba mtu aliifia nchi yake. Na ukikigeuza kidogo tu unapata kufiwa, ambalo ndilo lililompata mama yako mdogo. Sijui lugha nyingine ambayo ingekupa hayo yote katika shina moja fupi kiasi hicho, ingawa nakiri kwamba mwalimu wa Kiswahili huipendelea lugha yake.

Pendekezo langu: "Alifia vitani." Mtoto mkubwa hataona uongo ndani yake, na wazee wa ukoo watalipata neno lao la vita.

Mtazamaji

Mwalimu, hilo nalikubali. Alifia vitani. Nilikuwa nikipigana na "aliuawa", na sasa hakuna wa kupigana naye. Mwanzisha uzi, kama nilikuumiza nisamehe.

Mkazi wa Entebbe

Mwalimu, ahsante sana. Nitalichukua hilo neno, maana nasi nyumbani tuna kaburi la kaka yetu ambalo halijaandikwa chochote.

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilisafiri kwenda Soroti kumwona mama mdogo. Nilimsomea uzi wote, kuanzia mwanzo, na kila mchango nilisoma na jina la mchangiaji kwa sababu alidai hivyo. Ndugu Mtazamaji, aliposikia maneno yako ya kwanza alisema, "Huyu anauliza vizuri." Kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Maneno ya mzee Fundi aliniomba niyarudie. Alisema kwamba miaka yote hii alikuwa akijiuliza kwa nini mumewe hakutua, kama alivyokuwa akiwaambia watoto kwamba helikopta inaweza kutua bila injini. Alikuwa amebeba moyoni, bila kumwambia mtu, wazo kwamba pengine alizembea au alishikwa na hofu. Hakujua habari ya kimo. Alinyamaza kidogo, kisha akaingia ndani kutengeneza chai, na alipotoka alianza kuzungumza habari za mihogo. Sikumrudisha kwenye jambo lile.

Kuhusu kitenzi, amekubali "alifia vitani". Mtoto mkubwa amekubali pia, kwa simu, baada ya mimi kumweleza kiambishi cha Mwalimu mara mbili. Mchongaji wa Arua anatoza kwa herufi, kwa hiyo tumekata cheo kirefu tukaacha neno moja: RUBANI. Babu mmoja aliuliza kwa nini tusiandike kwa Kilugbara, na mama mdogo akamwuliza, kwa adabu, rubani kwa Kilugbara ni nani. Wazee bado wanalifikiria.

Ila amenipa sharti ambalo sikulitarajia. Anasema kibao ni kikubwa na mumewe hakuruka peke yake. Anataka chini ya jina lake yaandikwe majina ya wale wawili aliokufa nao, hata kama wamezikwa kwao, kwa maneno "pamoja na". Anasema Mi-17 hairuki bila fundi, na kwamba kila asubuhi mumewe alikuwa akimsubiri fundi ashuke kwenye ngazi na kufuta mikono ndipo apande yeye. Jina la rubani msaidizi tunalo, kwa sababu familia zetu zilikutana kwenye mazishi. La fundi hatuna. Mama mdogo anakumbuka tu kwamba alikuwa kijana mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele, aliyekuja kwao Krismasi moja akiwa na jogoo mkononi, na kwamba mumewe alikuwa akimwita "Daktari" kwa sababu ya kusikiliza injini kwa sikio. Tumeuliza ofisini, tukaambiwa turudi.

Kama kuna aliyekuwa Gulu miaka ile na anamjua, naomba aniandikie kwa faragha. Mchongaji ameacha mstari mmoja wazi.

Fundi Mstaafu

Mwanangu, usimruhusu mchongaji aufunge mstari huo. Daktari alilala kitanda cha pili kutoka changu kwa miaka miwili. Jogoo yule tulimnunua pamoja sokoni, naye akakataa kumbeba ndani ya mfuko akisema mgeni haendi na kuku aliyefichwa. Nimekutumia jina lake lote, kama lilivyoandikwa kwenye orodha ya zamu, na jina la kijiji chao. Mama yake, kwa habari nilizopata mara ya mwisho, alikuwa bado hai.

Mwanzisha uzi

Nimelipokea, mzee. Nampigia mama mdogo sasa hivi.